Kumwuliza Mtu Umri wa Maharage Yake

Ulikuwa mwaka wa viazi vitamu. Mtu wa kijiji chetu cha Kirushya hana haja ya kuuliza ni mwaka upi, anashika tumbo tu na kucheka. Mnyauko ulikuwa umeingia kwenye migomba. Bwana shamba akapita nyumba kwa nyumba akisema kata, fukia, usimwazime jirani panga lako, nasi tukakata na kufukia migomba waliyoipanda mama wakwe zetu. Asubuhi tukala kiazi na chai. Mchana kiazi na maharage. Jioni akija mgeni tulimpa kiazi, naye akifungua kikapu alichotuletea, ndani mna kiazi. Mbuzi wangu alifika mahali akawa anageuza uso akiona maganda.

Mwaka huo ndio mjukuu wangu wa kike alirudi nyumbani na cheti cha upishi. Alikuwa amekitia kwenye mfuko wa nailoni kisilowe, akakining'iniza ukutani karibu na picha ya Bikira Maria. Alisomea upishi miaka miwili, akaja kuangukia kwenye nyumba isiyo na cha kupika ila kiazi, na isitoshe jiko lenyewe lilikuwa na mwenyewe. Niseme ukweli. Kwenye mafiga yangu hapiki mtu mwingine. Mkamwana wangu wa kwanza alichovya mwiko kwenye mchuzi wangu bila kuulizwa, na leo ana wajukuu na bado anakumbuka nilichomwambia. Kwa hiyo mjukuu alichota maji, akapasua kuni, akachambua maharage, na mimi nilipoinjika chungu alikwenda kukaa kizingitini na simu yake.

Simu hiyo ndiyo iliyotuletea mambo.

Pale Nyakanazi, njia panda wanapolala madereva wa malori yaendayo Rwanda na Burundi, palikuwa na mama mwenye mgahawa. Ni mtu wa Biharamulo mjini, wa zile familia za biashara ambazo babu zao walipanda kutoka pwani na mizani zao. Mama huyu alikuwa na blogu. Mara ya kwanza kusikia neno hilo nilidhani ni ugonjwa mwingine wa migomba. Mjukuu akanieleza kwamba ni kama gazeti la mtu mmoja: anaandika mwenyewe, anapiga picha mwenyewe, na chini ya habari yake pana uwanja ambapo anayepita anaacha maoni. Kila wiki mama yule aliandika juu ya chakula kimoja alichopika, kilikuwaje, kilimshindaje, dereva gani alikirudisha.

Sasa alikuwa ameandika kwamba anatafuta mpishi wa kumsaidia. Barua hapokei, vyeti hataki kuviona. "Nitamchagua miongoni mwa wanaonisoma," aliandika. "Nawaona kwenye maoni."

Mjukuu aliitaka kazi ile kama ndama anavyotaka ziwa la mamaye. Nilimwona akibonyeza simu asubuhi, akibonyeza mchana, mpaka siku moja nikamwuliza anamwandikia nini mama wa watu.

Akanisomea. "Hongera sana mama, posti nzuri."

"Na hii nyingine?"

"Posti nzuri sana mama, hongera."

"Ya juzi?"

"Nzuri sana, barikiwa."

"Yapo mangapi ya namna hiyo?"

"Kama thelathini, Bibi."

"Amekujibu?"

"Bado."

"Hata mimi nisingekujibu."

Akanuna. Ana midomo ya kununa, ameirithi kwangu. "Kwa hiyo ulitaka nimtukane?"

Nikamwambia aweke simu chini anisikilize. Kwetu mtu akifungua mtungi wa pombe ya ndizi, wageni huuzunguka na mirija yao na mkubwa wao anavuta kwanza. Hapo watu wote hunyamaza. Haruhusiwi kuvuta mara ya pili kabla hajasema neno juu ya pombe ile, na neno lenyewe liwe la mtungi ule ule, lisiloweza kuhamishiwa mtungi wa jirani. Marehemu baba yangu alikaribishwa kwa mtu mmoja huko Murukulazo, akavuta, akatulia, akasema: "Ndizi ziliiva vizuri, ila aliyezikamua alikuwa na safari." Mwenye nyumba akamtazama mkewe, mke akatazama chini, maana kweli siku ile alikuwa akiwahi harusi kwao. Watu walicheka, na baba alivuta mpaka jua likazama. Aliyekuja nyuma yake alisema "nzuri". Huyo walimmiminia kwenye kikombe, akanywea mlangoni.

"Wewe mara thelathini umenywea mlangoni," nikamwambia. "Kusoma ndiko kuonja."

Tangu siku hiyo tukaanza kusoma pamoja. Mimi niliishia darasa la tatu, herufi nazijua lakini nazifuata kwa kidole moja moja, na simu za kupangusa hazipendi kidole. Nikiweka kidole chini ya neno, neno linakimbia. Nikilifuata, habari yote inapanda juu na inatokea picha ya mtu anatangaza dawa ya nywele. Mjukuu alicheka mpaka akakohoa. Nikavunja ujiti wa ufagio, nikaufuatisha chini ya mistari, na simu ikatulia kama ng'ombe anayetolewa kupe. Ujiti haiujui. Mpaka leo nasomea ujiti.

Habari ya kwanza tuliyoisoma mpaka mwisho ilihusu maharage. Mama wa Nyakanazi alilalamika kwamba maharage yake hayaivi, kwamba anatia magadi, na kwamba madereva wanasema mchuzi una ladha ya sabuni. Chini yake watu walikuwa wameacha maoni. Mmoja: "Nzuri." Mwingine: "Pamoja sana." Wa tatu: "Karibuni ukurasa wangu nauza vitenge bei poa." Huyo wa vitenge nilimsoma mara mbili nikidhani sikuona vizuri. Mwenzio amekaa analilia maharage yake, wewe unafungua mzigo wako mlangoni kwake.

Mjukuu akauliza, "Tuandike nini?"

Nikasema andika hivi, na usinirembe: "Mama, nimesoma yote. Pale kwenye magadi nimesimama. Magadi yanavunja ganda na kuua mchuzi. Maharage yako yana umri gani? Mapya hayahitaji hata kulowekwa. Ya mwaka jana yalale kwenye maji toka jioni, na maji hayo yamwagwe. Kama ni ya mwaka juzi, rudi kwa aliyekuuzia ukamtazame usoni."

"Bibi, siwezi kumtumia mtu mkubwa neno kama hili."

"Basi karudie nzuri zako."

Akatuma. Kesho yake likaja jibu, mstari mmoja: "Wewe nani wa kuniuliza umri wa maharage yangu?"

Mjukuu alilia. Alilia hasa, akaingia ndani akakitoa cheti ukutani, akaketi amekipakata. Alisema nimemfukuzisha kazi ambayo hata hajaipata. Mimi niliendelea kumenya viazi. Nilijua kitu ambacho yeye hakukijua: mara thelathini hakujibiwa, sasa amejibiwa. Mtu akikasirika juu ya mtungi wake, ujue umeugusa.

Siku ya pili likaja jibu lingine. "Nimekwenda kumwuliza. Ni ya mwaka juzi. Alikuwa ameyachanganya na mapya juu juu." Na chini yake: "Nimemtazama usoni."

Basi tukawa na mgeni wa kila wiki. Bando likiisha mjukuu alikwenda kulima kibarua nusu siku apate jingine, na mimi sikumkataza. Mama wa Nyakanazi akiandika, tunasoma kwa ujiti mpaka mwisho, nasema, anaandika. Alipoandika juu ya chai ya maziwa, nilimwuliza kwa nini kwenye picha sufuria ina pete nyeusi juu ya maziwa, ina maana ilifurika na amefuta upande mmoja tu. Alipoandika juu ya dagaa wa Mwanza, sikusema kitu cha dagaa, maana dagaa mimi siwajui vizuri. Nilisema juu ya yule dereva aliyekula sahani mbili bila kusema neno, nikamwambia mtu wa namna hiyo amefiwa, akirudi asimwulize, amwongezee tu. Baada ya majuma mawili akaandika kwamba dereva amerudi, na kwamba ni kweli, alimzika mama yake.

Watu wengine nao wakaanza kusoma maoni yetu. Yule wa vitenge akauliza kama tunafundisha. Nikasema mwambie tunafundisha, somo la kwanza ni kuvua viatu mlangoni.

Jina lililokuwa likionekana juu ya maneno hayo lilikuwa la mjukuu. Hatukulizungumza. Simu ni yake, kibarua ni chake, kazi anaitafuta yeye. Mimi nilifurahi kusema, naye alifurahi kujibiwa, na kila mmoja akajifanya haoni.

Lakini mambo ya namna hiyo hayadumu. Jumamosi moja nilikwenda kwenye jumuiya, na mjukuu akaona habari mpya imeingia. Ilikuwa juu ya pilau. Picha ilikuwa nzuri, imepigwa asubuhi kabla ya mambo kuharibika. Alisoma juu, akasoma kidogo katikati, akaona kwamba mama wa watu asisubiri, akaandika peke yake: "Hongera mama, pilau inaonekana tamu sana, walioila wamefaidi."

Nilipofika nikachukua ujiti. Mwishoni kabisa mama wa Nyakanazi alikuwa ameandika kwamba pilau iliungua, kwamba aliitupa nyuma ya maegesho ya malori, na waliofaidi walikuwa mbwa wawili wa mlinzi.

Jibu lilikuwa limekwisha kuja. "Wewe siku zote unasoma mpaka mwisho. Leo nani ameshika simu? Nipigie."

Mjukuu aliniletea simu kama mtu anayeleta nyoka kwa kijiti. "Bibi, nisaidie. Sema neno lolote juu ya pilau, nimwambie nilikuwa natania."

"Pilau gani? Iko tumboni mwa mbwa."

"Bibi, nitakosa kazi."

"Piga simu. Weka sauti kubwa na mimi nisikie."

Akapiga. Alibonyeza mara tatu ndipo ikaita. Sauti ya mama yule ilikuwa nzito, ya mtu aliyezoea kuita watu wa jikoni kupita kelele za malori.

"Haya. Niambie wewe. Ya maharage aliandika nani?"

Mjukuu akanitazama. Mimi nikatazama kuku. Kisha akasema, na mpaka leo namheshimu kwa hilo: "Vidole vyangu, mama. Maneno ya Bibi yangu."

Lori likapiga honi huko kwao.

"Yupo hapo?"

"Nipo," nikasema.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbwa hawajambo?"

Akacheka, hakutaka lakini akacheka. Halafu akawa mtu wa kazi tena. Alisema walioandika ni wengi, na wa maana alikuwa mmoja, na sasa anaambiwa mmoja huyo ni kikongwe. Yeye anatafuta mpishi wa kusimama siku nzima kwenye moto, hatafuti mtu wa kumchambua. "Lakini Bibi, wewe neno lako nimelijua. Hujanidanganya hata siku moja. Basi nitakuuliza moja tu na nitalishika hilo hilo. Huyu mjukuu wako anajua kupika?"

Mjukuu alipiga magoti. Alipiga magoti pale uani, mikono ameikunja kifuani, anatikisa kichwa juu na chini kunionyesha namna ya kujibu. Ingekuwa ni neno moja. Anajua. Herufi sita. Mtoto wa mwanangu, damu yangu, miezi mingapi amenichotea maji.

Na mimi nikakumbuka kwamba tangu arudi na cheti chake sijawahi kutia mdomoni kitu kilichopikwa na mkono wake. Hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyekalia mafiga.

"Sijaonja, sisemi," nikasema.

Mama wa Nyakanazi akasema, polepole, "Jumatano nafunga shauri hili, Bibi," akakata.

Mjukuu hakulia safari hii. Afadhali angelia. Alisimama, akapangusa magoti, akasema, "Asante, Bibi," kwa ile adabu ya kumwambia mtu mwenye duka kwamba hutarudi tena. Jumapili hakusema na mimi. Jumatatu alichota maji, akaweka ndoo mlangoni, akapita. Majirani wakaona. Jirani yangu mmoja akaja kuazima chumvi ambayo hakuihitaji, akasema, "Nasikia umemnyima mtoto neno." Nikamwambia chumvi ipo, neno halipo.

Sasa nieleze habari ya mkungu. Nyuma ya choo palikuwa na mgomba mmoja ambao bwana shamba hakuuona, au aliuona akanionea huruma. Haukuugua. Ulikuwa umezaa mkungu, na mkungu ule niliutembelea kila asubuhi kabla ya kusali. Nilijua vichane vyake kwa hesabu. Nilikuwa nimeupangia siku, na siku hiyo nilikuwa nimejipangia mimi mwenyewe, na mlango umefungwa.

Jumanne nilikwenda kliniki kwa ajili ya mguu. Niliporudi niliona moshi unatoka jikoni kwangu. Moshi wangu naujua, huu haukuwa wangu. Nikaenda moja kwa moja nyuma ya choo. Mgomba ulikuwa umesimama peke yake kama mtu aliyevuliwa kofia.

Niliingia jikoni na fimbo. Mjukuu alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, mbele ya mafiga yangu, anakoroga chungu changu. Hakuinuka.

"Bibi, kaa," akasema. "Nichape ukishaonja."

Nikakaa, fimbo bado mkononi. Akanipakulia. Ndizi na maharage, chakula ambacho nilikuwa nimesahau hata kukiota. Nilikula sahani ile yote na sikusema neno, na yeye alinitazama mdomoni kama watu wanavyomtazama mkubwa kwenye mtungi. Nikaomba nyingine. Nilipomaliza ya pili nikauliza, "Panga ulilokatia lilitoka wapi?"

"La kwako, Bibi. Nililipitisha motoni kwanza, mpaka likabadilika rangi. Bwana shamba alisema."

"Lete simu."

Niliyomwambia aandike Jumanne ile nayakumbuka yote, na aliyaandika yote, hata yale yaliyomchoma: "Mama, leo nimeonja. Maharage aliyapika kwanza peke yake, ndizi zikafuata, ndivyo inavyotakiwa. Ndizi zimelainika na hazikuvunjika. Chumvi ni ndogo, alikuwa ananiogopa. Mkungu ulikuwa wangu na hakuomba, lakini kabla ya kuukata alipitisha panga motoni ili asiuambukize mgomba. Aliyekumbuka mgomba wakati anaiba, huyo hataunguza pilau. Mchukue. Ila stoo yako uifunge."

Jibu lilikuja kabla sijanawa mikono. "Aje Alhamisi. Kufuli ninazo mbili."

Alikwenda. Cheti alikiacha ukutani, na Bikira Maria anakiangalia. Migomba tumepanda upya, miche safi, na viazi tunavila siku tunayotaka. Mgomba wa nyuma ya choo umenipa machipukizi saba.

Na mimi nimekuwa mtu wa kutafutwa. Diwani alifungua ukurasa wake, akatuma mtu kuniomba maoni chini ya habari ya barabara. Nikauliza barabara ipi, nikaambiwa itachongwa. Nikamwambia aniite ikishachongwa, nikatembee juu yake na mguu wangu huu mbovu, halafu nitaandika. Katekista aliandika mahubiri marefu, nikayasoma yote kwa ujiti, nikampa neno langu, na tangu hapo mahubiri yamekuwa mafupi. Watu wa Kirushya wananishukuru kanisani kwa kunikonyeza.

Mjukuu anapiga simu Jumapili. Zamani alikuwa akija kila mwezi. Siku hizi mgahawa umekua, kuna basi la alfajiri lenye abiria wa chai, kuna wapishi wawili chini yake, na mwezi umekuwa miezi minne. Juzi ameanza blogu yake mwenyewe. Ya kwanza ameandika juu ya ndizi na maharage, akaweka picha, na juu akaandika kwamba alijifunzia kwenye mafiga ya bibi yake, jambo ambalo ni uongo, alijifunzia kwa wizi. Niliisoma mara tatu. Mara ya tatu ujiti ulivunjika.

Jioni akapiga. "Shikamoo Bibi. Umeiona?"

"Marahaba. Nimeiona."

"Mbona hujaandika kitu? Maoni ya kwanza nimekuachia wewe. Mama wa mgahawa amesema hata yeye haandiki mpaka wewe uandike."

"Sijaonja, sisemi."

"Bibi, si wewe uliyesema kusoma ndiko kuonja?"

"Hiyo ni kwa watu wa mbali."

Nyuma yake sufuria ziligongana, mtu akaita chapati nne. Nilijua anahesabu: siku moja ya kuomba ruhusa, basi la asubuhi kutoka Nyakanazi, chungu amekipakata mapajani njia nzima, kisha mteremko wa kuja kwangu.

"Neno moja tu, Bibi," akasema. "Hata nzuri, nitaridhika."

Nikayatazama mafiga yangu. Nilikuwa nimeyafagia.

"Sijaonja, sisemi."